Msonge au bati: hesabu ya mwenye kiwanja Meru

Ukitaka kujenga msonge leo Nkoaranga, Poli au Ng'iresi, usianze na bei ya majani. Anza kumtafuta fundi. Wanaojua kupinda fito na kuezeka kwa majani makavu ya migomba wamebaki wazee wachache. Vijana wao wako mjini Arusha wanapaua nyumba za bati.

Kwa vifaa, msonge bado una nafuu. Ukuta wa duara lenye kipenyo cha mita 6 una urefu wa mita 19 hivi, wakati chumba cha mraba chenye eneo hilohilo kinadai zaidi ya mita 21. Udongo na samadi vipo nyumbani. Ila zamani hata kazi haikununuliwa: majirani walikuja kwa msaragambo, wakanywa pombe ya ndizi, nyumba ikasimama, watu na mifugo wakalala chini ya paa moja. Leo kila mkono unadai posho yake, na majani yatataka mikono hiyo tena baada ya miaka michache. Unafuu wote unaishia hapo.

Wapo wanaojenga ukuta wa duara na kuezeka bati. Sikushauri. Bati ni la mstatili. Ukilikata kufuata paa la pia, vipande vingi vinabaki chini, nawe umeshavilipia.

Bati la kawaida nalo lina kero zake. Baridi ya usiku hupenya, mvua ikinyesha hamsikilizani, kwa hiyo gharama ya dari iingize mapema. Dukani kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30. Lakini bati linakupa maji. Visima na chemchemi nyingi za upande huu zina floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 25 linakupa karibu lita 1,000 zisizo na shida hiyo.

Majani yalidumu kwa moshi wa mafiga, uliokausha paa na kufukuza wadudu. Msonge wa wageni, usiowashwa moto, huoza upesi. Basi lala kwenye bati lenye gata na tangi. Msonge ujenge uwe jiko la kuni, na mzee mwite mwaka huu, angali anaweza kupanda juu ya paa.