Mteja akisema "kompyuta haisomi", usikimbilie kurudisha hela

Leo nawapa kitu kilichonila hela mwezi uliopita.

Nauza MP3 ndogo, zile za kubana kwenye shati. Huku Shume zinatoka sana, watu wanapalilia viazi huku wanasikiliza. Moja niliipakia kwenye basi kwenda Mlalo kwa mzee mmoja. Kesho yake akapiga. Sijamaliza shikamoo: "Marahaba. Mwanangu, hiki kitu kibovu. Kijana wa kujaza nyimbo kakichomeka, kompyuta haisomi."

Nikaomba radhi, nikamrudishia elfu 18 palepale, na nauli ya mzigo kurudi nikalipa mimi. Mzigo ukafika, nachomeka kwa waya wangu, inafunguka! Kibovu ulikuwa waya niliomwekea mwenyewe, zile za bei ya chini nilizochukua kwa dazeni.

Iko hivi. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za kupitisha mafaili. Zile za bei rahisi, nyingine zina mbili za umeme tu. Ndiyo maana taa inawaka, betri inajaa, lakini kompyuta haioni kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni, "Ukichomeka, taa inawaka?" Ikiwaka, ajaribu waya mwingine wenye kichwa kilekile, ambao anajua unahamisha picha za simu kwenda kwenye kompyuta. Abadilishe na tundu la kompyuta pia.

Taa isipowaka, amulike tochi kwenye tundu la MP3. Kitu kinachokaa mfukoni shambani kinajaa udongo. Aizime, atoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno, asitumie sindano.

Kama inatumia memori kadi, aitoe aisome peke yake kwenye kisoma kadi. Kadi ikisoma, nyimbo zipo salama, shida iko kwenye waya au kifaa chenyewe. Wakati mwingine Windows inaiona ila haijaipa herufi; afungue Disk Management aipe herufi isiyotumika. Ila kompyuta ikimwambia afomati, asikubali haraka, inafuta kila kitu. Watu wana kaswida na mahubiri humo ambayo hawana pengine.

Siku hizi kabla sijafunga mzigo nachomeka kwa waya uleule unaoondoka nao, narekodi video fupi mafaili yakifunguka, namtumia mteja WhatsApp. Zile waya zilizobaki nimeziandikia "KUCHAJI TU" kwa maka peni, nauza bei ya kutupa.

Yule mzee nimempelekea tena MP3 yake na waya mzima. Kasema hela ataituma Jumamosi, akishauza viazi.