Mali Bila Daftari: Hesabu za Afya Mpakani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo halikuwalenga wenye maduka peke yao. Afya nayo ni mali, tena ni ya kwanza miongoni mwa mali zote.

Huko Paya, wilayani Tororo, malaria ni adui wa kila nyumba. Mgonjwa afikapo katika kituo cha afya huandikwa daftarini, na mwisho wa mwezi mhudumu hujumlisha: wagonjwa walikuwa wangapi, wa umri gani, na wa maradhi gani. Jumla hizo hujazwa katika fomu na kupelekwa wilayani. Zamani karatasi nyingi zilichelewa au hazikufika kabisa, na asiye na hesabu hugawa dawa kwa kukisia.

Mnamo Januari 2011, Wizara ya Afya ya Uganda ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, na kufikia Julai 2012 ulikuwa umeenea katika wilaya zote. Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Busia na Malaba, iliueneza mfumo uo huo nchini kote kuanzia mwaka 2011.

Chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na leo unatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ni programu huria, maana yake haiuzwi, na maandishi yanayoiendesha yako wazi. Fundi wa Kampala au Nairobi aweza kuyasoma na kuyarekebisha yapatane na fomu za nchi yake, bila kuomba ruhusa kwa kampuni ya kigeni wala kulipa ada ya kila mwaka. Nchi zaidi ya 70 zinautumia.

Matunda yake yalionekana mapema. Katika mwaka wa 2011/12, taarifa za wagonjwa wasiolazwa zilizopokewa nchini Uganda zilikuwa asilimia 36.3 ya zile zilizotarajiwa. Mwaka uliofuata zilifikia asilimia 85.3. Hesabu hizo zina kazi. Nyumba za Tororo zilipoanza kupuliziwa dawa ya mbu mwishoni mwa 2014, njia mojawapo ya kujua kama homa inapungua ilikuwa ni kutazama daftari.

Hata hivyo, kisichouzwa si kisicho na gharama. Kompyuta huhitaji umeme, mtandao, fundi, na nakala ya akiba iliyowekwa mahali pengine. Tena mashine haiponyi uzembe: mhudumu akiandika 12 mahali pa 21, kosa lake litasafiri hadi Kampala kwa kasi kuliko zamani.

Wazazi nao wana wajibu. Taarifa ile ya mwezi huchukua jumla tu; haina jina la mtoto wala tarehe za chanjo zake. Askari ahamishwapo kituo, familia ikamfuata, muuguzi wa huko mbali atategemea kadi ya kliniki aliyoibeba mama. Basi kadi hiyo na itunzwe pamoja na hati nyingine za nyumbani, mahali pakavu, mbali na panya. Na kabla ya kuondoka kituoni, mzazi ahakikishe kwamba chanjo ya siku hiyo imeandikwa ndani yake.