Kutofautisha Mikuki ya Kale na Nakala za Kisasa katika Mpaka wa Rusizi

Afisa wa forodha katika kivuko cha Rusizi ya Kwanza, kati ya Kamembe na Bukavu, anapokuta mkuki katika mzigo wa msafiri hukabiliwa na swali lenye matokeo ya kisheria: je, chombo hicho ni kumbukumbu ya utalii au urithi wa taifa? Sheria ya Rwanda Na. 28/2016 inahusu uhifadhi wa urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi. Haimfundishi mtu kusoma chuma.

Historia ya eneo hili huongeza ugumu. Shangi, ambako mwaka 1896 jeshi la mwami likiongozwa na Bisangwa lilishindwa na bunduki za Dola Huru ya Kongo, iko katika wilaya jirani ya Nyamasheke. Hivyo muuzaji anayedai kwamba icumu lake lilitoka Shangi husema jambo linalowezekana, na kwa sababu hiyo hasa dai lake halitoshi.

Uchunguzi uanzie kwenye kikopo kinachopokea mti. Mhunzi wa zamani alikunja bapa la chuma kuwa pia na kuacha mshono wazi, au kingo moja ikipanda juu ya nyingine. Alama za nyundo hubaki ndani, mahali ambapo hakuna aliyejali kupalainisha. Ushanga wa kuchomelea kwa umeme, au mikwaruzo sambamba ya jiwe la mashine, huonyesha kazi ya karakana ya kisasa. Chuma kilichoyeyushwa kwa makaa katika tanuri za udongo huwa na masalia ya mavi ya chuma, ambayo kutu ikiyala huonekana kama nyuzi zinazofuata urefu wa jani. Nondo na springi za gari hazina nyuzi hizo. Kutu yenyewe ni shahidi dhaifu: chumvi au asidi huizalisha kwa siku chache, ingawa aghalabu hutoka ya rangi ya chungwa, ya unga, na sawasawa hata pale ambapo mkono ungeipangusa.

Hata hivyo, chuma cha kiwandani si hukumu. Chuma cha kutoka Ulaya kiliingia nchini tangu enzi za Wajerumani na Wabelgiji, na wahunzi walikitumia. Mkuki wa miaka ya 1930 waweza kuwa wa chuma hicho na bado ukawa wa kale. Vivyo hivyo, mti mpya hauthibitishi udanganyifu, kwani mti huvunjika, huliwa na mchwa, na hubadilishwa. Kwa upande mwingine, mikuki ya ngoma ya intore hutengenezwa leo kwa ajili ya jukwaa. Ni kazi halali, na huwa ghushi pale tu inapouzwa kwa umri isio nao.

Lipo kundi la tatu, ambalo miongozo ya wakusanyaji huko Ulaya hailitaji. Mikuki ilitumika katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Jani lililofuliwa kwa nondo wakati huo sasa lina kutu ya miongo mitatu, na laweza kupita sokoni kama silaha ya mwami. Hilo si kale wala si nakala. Huenda ni ushahidi, na kulipangia bei ni kosa zito kuliko kukosea umri.

Maabara husaidia kwa kiasi. Manganizi nyingi huashiria chuma cha kiwandani. Upimaji wa kaboni huhitaji kukata kipande, na kwa vitu vya baada ya takriban mwaka 1650 majibu yake hutawanyika mno. Kwa hiyo, mpakani, hatua ya kwanza ni kupiga picha ya ndani ya kikopo na ya mshono wake kabla ya mtu yeyote kusugua kutu, kisha kuandika aliyeuza, mahali na maneno aliyoyasema, kwa kuwa kutu ikishasuguliwa hairudi.