Moshi wa Nyaya Ufukweni: Plastiki Yenye Klorini na Afya Yetu

Kijana mmoja wa Ujiji alikuja kliniki akiwa na kikohozi kikavu, macho mekundu na sauti iliyokwaruza. Nilipomuuliza kazi yake, alisema hukusanya vyuma chakavu. Jioni huchoma nyaya kuukuu karibu na ziwa, na ganda likishateketea huokota shaba na kuipeleka kwenye mizani. Mama yake, aliyemsindikiza, akauliza: “Daktari, moshi huo una nini usichokuwa nacho moshi wa kuni?” Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wahudumu wenzangu watakaoulizwa swali hilo.

Jibu linaanzia kwenye chumvi, kitu kisicho kigeni katika mkoa wenye Uvinza. Chumvi ni muungano wa sodiamu na klorini. Viwandani, umeme hupitishwa katika maji ya chumvi ili kuitenga klorini, nayo huunganishwa na ethilini, gesi itokanayo na petroli au gesi asilia. Hapo hupatikana kloridi ya vinili. Molekuli za gesi hiyo zikishikana mfano wa shanga katika uzi, huwa polivinili kloridi, ambayo mafundi huiita PVC. Kila ushanga una atomi mbili za kaboni, tatu za hidrojeni na moja ya klorini. Kwa uzito, klorini ni takriban asilimia 57 ya plastiki hiyo. Mfuko wa nailoni wa kawaida, kwa upande wake, ni kaboni na hidrojeni tu.

Klorini hiyo huifanya minyororo ivutane, na ndiyo sababu bomba la maji huwa gumu. Ikiongezwa klorini zaidi, hupatikana aina inayostahimili maji ya moto. Bomba la kawaida hulainika likikaribia nyuzi joto 80. Ili plastiki hiyohiyo iwe laini kama ganda la waya, mrija wa dripu au mfuko wa damu, huchanganywa na vilainishi. Kinachojulikana zaidi ni DEHP. Kilainishi hakifungwi kwenye mnyororo. Hukaa katikati ya minyororo kama mafuta kati ya nyuzi za kamba, na huweza kuhamia kwenye vitu vyenye mafuta, ikiwemo damu. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri tahadhari kwa watoto wachanga wa kiume wanaopata matibabu mengi kupitia vifaa hivyo. Hata hivyo, asiwepo mgonjwa wa kukataa kuongezewa damu kwa hofu hii. Damu inapohitajika, faida yake ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Hatari kubwa zaidi imo mwanzoni na mwishoni mwa maisha ya plastiki hii. Mwanzoni, mwaka 1974, iligunduliwa huko Louisville, Marekani, kwamba wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wakivuta gesi ya kloridi ya vinili walipata saratani adimu ya ini. Mwishoni ni pale inapochomwa. Klorini huachana na mnyororo na kushikana na hidrojeni, ikawa gesi ya asidi inayounguza macho, koo na mapafu. Aidha, moto hafifu wa wazi huzalisha dioksini, hasa moshi unapopoa kati ya nyuzi 200 na 450, na shaba iliyomo ndani ya waya huchochea uzalishaji huo. Kwa hiyo anayechoma nyaya hukusanya mahali pamoja karibu kila kitu kinachohitajika kutengeneza sumu hiyo.

Dioksini haziyeyuki katika maji. Hukaa kwenye mafuta. Majivu yakisombwa na mvua hadi ziwani, huweza kuingia katika wadudu, kisha dagaa, kisha migebuka, zikiongezeka kila hatua. Mwilini mwa binadamu, nusu yake huhitaji miaka 7 hadi 11 kutoweka. Aina yake kali kuliko zote ilitambuliwa mwaka 1997 kuwa chanzo cha saratani. Hupita pia katika maziwa ya mama, ingawa ushauri wa kunyonyesha haubadiliki. Sisemi hivi ili mtu aache dagaa, chakula chetu bora. Nasema ili tusiyachafue maji wanamoishi.

Kwa familia: usiwashe mkaa kwa vipande vya plastiki wala vya waya. Chombo chenye namba 3 ndani ya pembetatu ni PVC; usikitie mawese ya moto. Aliyevuta moshi huo atolewe kwenye hewa safi, macho yaoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya hata kama anajisikia nafuu, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Maziwa si dawa ya moshi.

Kwa wahudumu: mrija wa dripu na mfuko wa damu visitupwe kwenye shimo la kuchomea taka. Tenganisheni vifaa vya PVC tangu wodini. Palipo na mtambo wa kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo, utumike. Tanuri lisilofikia nyuzi 850 haliziteketezi dioksini. Na kila anayekuja na kikohozi aulizwe anachochoma, si anachovuta pekee.

Nilimshauri kijana yule amenye nyaya kwa kisu badala ya kuzichoma. Alilalamika kwamba kazi ingekuwa ya polepole. Ni kweli. Lakini shaba iliyomenywa hutoka bila masizi, na mama yake, aliyekuwa kimya hadi hapo, akamwambia kisu atakitoa yeye jikoni.