Subic Bay: Kituo cha Manowari Kilichogeuzwa Eneo la Biashara

Kituo cha kijeshi kilichojengwa na dola moja katika ardhi ya dola nyingine huzaa kando yake mji ambao si wa kijeshi na wala si wa kiraia kamili. Wakazi wake hufua nguo za askari, hutengeneza meli zao, huwauzia vinywaji, huwazalia watoto. Siku kituo kinapofungwa, swali la nani atachukua majengo ni dogo kuliko lile la nani atakuwa mwajiri. Makala haya yanaeleza kisa cha Subic Bay, katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, ambako jibu la swali hilo lilipatikana mapema, likasifiwa sana, kisha likajaribiwa zaidi ya mara moja.

Wahispania ndio waliochagua ghuba hiyo, yenye kina kirefu na iliyokingwa na milima. Walianza kujenga ghala la silaha huko Olongapo mwaka 1885, na lango lao la mawe lingalipo. Wamarekani waliwafuata baada ya vita vya 1898. Mkataba wa tarehe 14 Machi 1947 uliwapa haki ya kutumia vituo vyao nchini humo kwa miaka 99; maafikiano ya 1966 yaliufupisha muda huo hadi mwaka 1991. Kati ya 1951 na 1956 wahandisi wa jeshi la majini waliukata mlima wakajaza bahari ili kupata njia ya kurukia ndege huko Cubi Point, karibu na gati ambako manowari kubwa zinazobeba ndege ziliweza kutia nanga. Wakati wa vita vya Vietnam, Subic ilikuwa karakana, ghala na mahali pa mapumziko pa kikosi kizima cha Bahari ya Pasifiki magharibi.

Mji wa Olongapo wenyewe ulitawaliwa na jeshi la majini la Marekani hadi Desemba 1959, ndipo ukakabidhiwa serikali ya Ufilipino. Tangu hapo mpaka ulikuwa daraja fupi juu ya mfereji wa maji machafu. Upande wa ndani palikuwa na nyasi zilizofyekwa, taa za barabarani na shule. Upande wa nje palikuwa na baa, na chini ya daraja watoto katika mitumbwi wakiwaomba wanamaji wawarushie sarafu. Mwanaisimu atapendezwa na jambo moja dogo: mojawapo ya mitaa ya nyumba za jeshi, iliyozungushiwa uzio na kulindwa usiku na mchana, iliitwa Kalayaan, neno ambalo kwa Kitagalog maana yake ni uhuru.

Mwaka 1991 mambo mawili yalikutana. Tarehe 15 Juni mlima Pinatubo ulilipuka siku ile ile tufani ilipopiga, na paa nyingi za kituo ziliporomoka kwa uzito wa majivu yaliyolowa mvua. Kisha, tarehe 16 Septemba, Seneti ya Ufilipino ilipiga kura juu ya mkataba mpya wa miaka 10. Katiba ya 1987 ilikuwa imeagiza kwamba baada ya 1991 hapatakuwa na vituo vya kigeni bila mkataba ulioidhinishwa na Seneti. Rais Corazon Aquino aliutaka mkataba huo. Maseneta 11 waliukubali na 12 waliukataa. Wamarekani wa mwisho waliondoka Subic tarehe 24 Novemba 1992. Kila kilichoweza kuhamishwa kilihesabiwa kuwa mali yao, hata vyelezo vinavyoelea, ambavyo ndivyo vilivyokuwa moyo wa kazi ya kutengeneza meli. Vilikokotwa baharini, na mafundi waliovijua kwa miaka wakabaki na ujuzi usio na mahali pa kutumika.

Msomaji wa Likasi au Kolwezi hahitaji maelezo marefu hapa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, na walichopoteza hakikuwa mshahara tu, bali pia matibabu, shule ya watoto na posho. Mji wenye mwajiri mmoja hauna njaa ya mtu mmoja mmoja.

Yaliyofuata Olongapo ndiyo yaliyoipa Subic sifa yake. Meya Richard Gordon, ambaye alikuwa ametetea kubaki kwa kituo, aliwakusanya watu wapatao 8,000 wa kujitolea, wengi wao wakiwa wafanyakazi walioachishwa kazi. Bila mshahara, walilinda maghala, wakafagia majivu na kukata nyasi. Huko Clark, kituo cha ndege kilichoachwa baada ya mlipuko, waporaji walibeba hata milango na nyaya za umeme, Subic haikuporwa. Yafaa kutazama kwa makini hesabu ya watu hao wa kujitolea. Walitoa kazi yao kwa matumaini kwamba atakayelinda leo ataajiriwa kesho. Wengine waliajiriwa, wengine hawakuajiriwa, na ahadi ya aina hiyo haina mkataba unaoweza kupelekwa mahakamani.

Sheria namba 7227, ya Machi 1992, iliunda mamlaka ya kuliendesha eneo hilo kama bandari huru. Bidhaa ziliingia bila ushuru wa forodha, na kampuni, badala ya kodi za kawaida, zilitozwa asilimia 5 ya pato ghafi. Ili mpango huo usitumiwe kwa magendo, ilibidi uzio ubaki, na lango nalo likabaki na walinzi wake. Aliyekuwa akipekuliwa na askari wa kigeni sasa alipekuliwa na mtu wa kwao kwa ajili ya chokoleti na sigara zisizolipiwa kodi. Pengine hapa ndipo mabadiliko yanaonekana vizuri zaidi: mpaka haukuondolewa, ulipewa kazi nyingine.

Ndani ya uzio vitu vilibadilishwa matumizi haraka. Nyumba za maofisa zilipangishwa kwa wafanyabiashara, na viwanda vya Kitaiwan vilifunguliwa. Njia ya ndege ya Cubi Point ikawa, tangu 1995, kitovu cha Asia cha kampuni ya mizigo ya FedEx. Novemba 1996 wakuu wa nchi za Asia na Pasifiki walifanya mkutano wao papo hapo. Msitu wa milima, ambao ulikuwa umefungwa ili kulinda maghala ya risasi na vyanzo vya maji, uligunduliwa kuwa mmoja wa misitu michache ya nyanda za chini iliyosalia Luzon. Waaeta, wenyeji wa kale wa msitu huo, ambao waliwafundisha askari wa Marekani namna ya kuishi porini, sasa waliwafundisha watalii.

Si wote walioingia katika hesabu ya mageuzi. Wafanyakazi wa kituo walikuwa na kiinua mgongo. Wanawake wa baa hawakuwa wafanyakazi wa mtu yeyote, ingawa afya yao ilipimwa na kuandikishwa kwa muda mrefu kwa faida ya wanamaji. Sheria ya Marekani ya 1982 iliyowafungulia njia watoto wa askari wake waliozaliwa Asia iliitaja Korea, Vietnam, Laos, Kambodia na Thailand. Ufilipino haikutajwa. Mkataba wa vituo haukumlazimu Mmarekani kusafisha ardhi aliyoitumia, kwa hiyo mafuta na kemikali za karakana zilirithiwa pamoja na magati.

Udhaifu wa jibu lenyewe ulionekana polepole. Mwaka 1998 Rais mpya, Joseph Estrada, alimwondoa Gordon katika uongozi wa mamlaka. Gordon na wafuasi wake walijifungia ndani ya ofisi tangu Julai hadi Septemba, na wawekezaji walitazama. Februari 2009 FedEx ilihamishia kitovu chake Guangzhou, nchini China, na uwanja wa ndege ukapoa. Wakati huo kampuni ya Korea ya Kusini, Hanjin, ilikuwa imejenga kiwanda kikubwa cha meli katika rasi ya Redondo, ng'ambo ya ghuba. Kilianza kukabidhi meli mwaka 2008, na katika kilele chake kiliajiri watu zaidi ya 30,000. Vifo vya kazini vilifikishwa mbele ya Seneti, lakini mji ulikishikilia kiwanda hicho kama ulivyokishikilia kituo zamani. Januari 2019 kiwanda kiliomba ulinzi wa mahakama ya Olongapo, kikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 1.3, wakati huo wengi wa wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuachishwa. Mafundi wa kuchomelea vyuma walirudi vijijini au walitafuta kazi ng'ambo, kama baba zao baada ya 1992.

Kampuni za Kichina zilitajwa miongoni mwa wenye nia ya kukinunua kiwanda hicho, jambo lililozua wasiwasi mjini Manila kwa sababu ghuba hiyo inaelekea Bahari ya China Kusini. Mwaka 2022 kilichukuliwa na Cerberus, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, na sehemu ya kaskazini ikapangishwa kwa jeshi la majini la Ufilipino. Miaka 30 baada ya daraja la Olongapo kuwaona wanamaji wa mwisho wakiondoka, manowari zilikuwa na gati tena katika ghuba hiyo, safari hii zikipeperusha bendera ya nchi yenyewe, juu ya ardhi inayolipiwa kodi kwa mpangaji kutoka nje.