Ami, ninunue kitabu gani?

"Ami, nina pesa ya kitabu kimoja tu."

Ndivyo alivyoniambia binti wa marehemu kakangu mwezi uliopita, tukiwa duka la vitabu hapa mjini. Mkono mmoja kashika kitabu cha saikolojia, wa pili kashika cha utamaduni wa Waswahili. Mamake yuko edani, kanyamaza, na mtoto ameingiwa na hofu. Amesoma kwamba mfiwa hupitia hatua tano, na kwa mamake haoni hata ile ya hasira.

Hatua hizo zilitokana na kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross, On Death and Dying, cha mwaka 1969: kukataa, hasira, kutaka maafikiano, huzuni, kukubali. Wengi hawaambiwi kwamba daktari yule alizungumza na wagonjwa waliokuwa wakingojea mauti hospitalini Chicago. Hakuwa akihoji wajane. Kuwavisha wafiwa hatua zile kulikuja baadaye. Basi ukimpima mjane wa Mombasa kwa kipimo hicho utamwona mgonjwa, kumbe mwenyewe anakaa eda yake, miezi minne na siku kumi kama alivyoamrishwa.

Ndiyo maana nilimwambia, kabla ya kulipa fungua dibaji uangalie mwandishi aliketi na nani, na wapi. Saikolojia nyingi imejengwa juu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani.

Vya utamaduni navyo vina upungufu wake. Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, kinaeleza maisha ya watu wa Mrima tangu uzazi hadi mauti. Lakini kitabu cha desturi hakikwambii kimya cha mtu kimevuka mpaka lini: usingizi haumjii, chakula hakipiti, anasema heri angekufa yeye. Hapo aulizwe mwenye elimu ya nafsi. Na elimu hiyo si ya Wazungu pekee. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu na ile isiyojulikana imetoka wapi.

Nikamuuliza, "Mamako anakula?"

"Anakula, ami."

"Analala?"

"Akishaswali alfajiri, hulala kidogo."

Tukachukua cha utamaduni. Jina la kile cha pili nimemwambia aliandike kwenye simu.