Kiu ya Kanyanga Huanzia Kichwani

Mnywaji wa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, wa Kadutu akikuambia haisikii tamu tena, mwamini. Familia nyingi hapa Bukavu hudhani anadanganya: kama haipendi, mbona alfajiri yuko mlangoni kwa muuzaji? Lakini ndani ya ubongo, kupenda kitu na kukitaka ni kazi mbili, na pombe huzitenganisha.

Mwaka 1954, huko Montreal, James Olds na Peter Milner walipachika waya wa umeme katika ubongo wa panya. Panya wakawa wanabonyeza kitufe mfululizo ili kujipa umeme huo. Ikasemwa kwamba kiti cha raha kimepatikana. Baadaye Kent Berridge wa Michigan aliona jambo jingine: panya waliopoteza karibu dopamini yote, ile kemikali ya msukumo, hawakujisumbua kutafuta chakula, ila walipotiwa sukari mdomoni waliifurahia kama kawaida. Dopamini husukuma kutaka. Utamu una njia yake.

Naye Wolfram Schultz, akichunguza nyani, aliona kwamba wakishazoea, dopamini hupanda taa ya kuashiria juisi inapowaka, wala si juisi inapofika. Kwa mnywaji wetu, taa hiyo ni kidumu cha njano, harufu ya kichochoro, sauti ya mwenzake wa glasi. Mtu anatoka hospitali akiwa mzima, anapita avenyu ile ile, na mwili unadai kabla hajawaza.

Linganisha na hili: mtafiti Lee Robins alifuatilia wanajeshi wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini huko Vietnam. Wengi wao walipofika kwao hawakurudia uraibu. Ishara walikuwa wameziacha ng'ambo.

Kwa hiyo matusi na aibu havimponyi mtu, na kumfungia ndani ghafla ni hatari. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku, ukinyimwa mara moja, huwaka kupita kiasi: mikono hutetemeka, mtu huona vitu visivyokuwepo, hupata degedege, na anaweza kufa. Kabla ya chumba cha maombi, mpelekeni kituo cha afya, au SOSAME, hospitali ya akili ya hapa mjini, aachishwe kwa dawa na uangalizi. Na kabla hajarudi nyumbani, kaeni naye mpange atapita njia gani, na jioni atakaa na nani.